Bibi Mdogo Katika Daftari la Vifo

Karani wa vizazi na vifo wa halmashauri ile alijulikana kwa jina la Mama Muhuri. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limebandikwa mlangoni, ila jua lilishalipausha na hakuna aliyekuwa na haja ya kulisoma. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kimoja, masijala, mwisho kabisa wa korido, kupita idara ya maji na kabla ya choo. Kila aliyepotea njia ofisini humo aliishia mbele ya meza yake, naye akamwelekeza bila kuinua uso.

Chumba kilikuwa na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini ilifunguka kwa teke tu, na rafu ya madaftari makubwa. Ya vizazi yalikuwa na jalada la kijani, ya vifo jeusi. Mtu akija kuandikisha kifo, Mama Muhuri hakumwuliza jina kwanza. Alimsogezea kiti, akamwacha apumue. Mtu angesema marehemu alianza kuumwa lini, nani alimpeleka zahanati, nani alikuwa naye mwisho. Akimaliza ndipo karani alipofungua daftari. Wenzake walimtania kwamba anachelewesha foleni. Yeye alijibu kwamba miaka yote hiyo hajawahi kukosea jina la marehemu hata mmoja, na ilikuwa kweli.

Kisha ugonjwa ukaja. Waraka ulipofika, mkurugenzi, mwanamume mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi, aliwatoa watumishi wote nje na kuwasimamisha uani, mmoja hapa, mwingine kule, kama watoto waliogombana.

"Nusu yenu mnakwenda nyumbani kuanzia leo," alisema. "Maji hayafungwi. Zahanati hazifungwi. Na Mama Muhuri hafungi."

"Mimi na nani?" aliuliza Mama Muhuri.

"Wewe na kalamu yako."

Fundi seremala wa halmashauri alitoa kioo cha dirisha la masijala, akaweka plastiki ngumu yenye tundu chini la kupitishia karatasi. Nje, ardhini, wakachora miduara kwa rangi nyeupe, watu wasimame mbalimbali. Siku mbili tu watu walishapata ujanja: kila mmoja aliweka tofali au ndala moja kwenye mduara wake, kisha wote wakaenda kukaa pamoja kivulini wakapiga soga. Mlinzi akiwafukuza, walitawanyika, akigeuka, walirudi.

Halmashauri ikaanzisha na jambo jingine. Wazee wanaoishi peke yao wasitoke, wapelekewe sanduku kila wiki: unga, maharage, mafuta, sabuni, na dawa za presha kwa wanaozitumia. Orodha ikawekwa masijala, kwa sababu huko ndiko kulikojulikana nani yu hai. Kila Jumatatu Mama Muhuri aliichapa upya na kumkabidhi dereva wa pikapu ya idara ya barabara, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuwahi kwenda taratibu maishani mwake.

Shida ilikuwa dirisha. Barakoa upande huu, barakoa upande ule, plastiki katikati, na upepo. Karani alisikia nusu ya kila jina. Ilibidi watu wapaze sauti, na mtu aliyefiwa hawezi kupaza sauti kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja alitaja jina la mumewe mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, na ya tano akaketi chini palepale kwenye mduara wake, foleni nzima ikimtazama. Hapakuwa na kiti cha kumsogezea. Zamani Mama Muhuri aliandika vifo vitano au sita kwa wiki. Sasa kuna siku ilifika tisa kabla ya chakula cha mchana, na mkono wake wa kulia ulianza kuuma kuanzia kidole gumba hadi kwenye kiwiko.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na tatu na kifua kibovu. Mama alipewa chumba cha nyuma. Binti alihamia sebuleni, akalala kwenye kochi ambalo springi zake zilimjua kila ubavu. Chakula alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, akabisha, akarudi nyuma.

"Umenifunga kama kuku," mama alilalamika kutoka ndani.

"Mama, ofisini napokea watu themanini kwa siku."

"Mimi nimekuzaa. Sikuogopi."

"Mimi ndiye ninayeogopa."

"Basi hata sauti yako ipumzike. Unaongea kama umetoka kuchimba barabara."

Na kweli, hakuwa na sauti. Alikula akiwa amesimama, akaoga kwa maji ya moto, akalala.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mtu wa sita kwenye foleni. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu alikuja dirishani na helmeti bado kichwani, macho mekundu, akasema mama yake amefariki. Akapitisha karatasi ya zahanati, yenye mwandiko ambao hata mwandishi mwenyewe asingeuapia. Akataja jina. Mama Muhuri aliandika alichosikia.

"Angalia kama nimeandika sawa," alisema, akigeuza daftari kuelekea plastiki.

Yule bwana alitikisa kichwa kukubali. Baadaye alikiri kwamba macho yake hayakuona hata mstari mmoja. Akatia sahihi kwenye fomu. Mama Muhuri akagonga muhuri, akaita: "Anayefuata!" Jioni, kabla ya kufunga, alipitia orodha ya masanduku, akalikuta jina lile lile, akalikata. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunika kalamu.

Wiki mbili na ushei zikapita. Jumatatu moja Taratibu alikuja kuchukua orodha, akabaki amesimama dirishani, anazungusha ufunguo kidoleni.

"Mama, nikuulize kitu usinicheke?"

"Uliza. Lakini rudi nyuma hatua mbili."

"Maiti siku hizi wanapika?"

Mama Muhuri alimtazama.

"Yule bibi wa bondeni, yule wa mwisho kabisa, baada ya kinu. Uliniambia nisiende tena, amefariki. Jana nimepita kule kumpeleka fundi wa bomba. Moshi unatoka jikoni. Na kuna nguo zimeanikwa, nguo za bibi."

Mama Muhuri alifungua daftari jeusi. Akarudi nyuma kurasa saba. Jina lilikuwa la bibi wa bondeni, wazi kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe. Lakini umri ulikuwa sabini na sita, na mahali pa kuishi ni huku juu, karibu na shule, nyumbani kwa mwanawe. Bibi wa bondeni alikuwa na sabini na moja na aliishi peke yake. Hapo ndipo alipokumbuka. Walikuwa ndugu wawili, tumbo moja. Eneo zima liliwaita Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo. Majina yao ya vitambulisho yalitofautiana kwa herufi moja.

Alifunga daftari, akalizungushia mfuko wa nailoni, akatoka nje na kuiambia foleni kwamba anarudi baada ya chakula cha mchana. Watu wakaguna. Pikapu ilikuwa na viti viwili tu, na kwa masharti ya wakati ule hakuruhusiwa kukaa ubavuni mwa dereva, kwa hiyo karani wa vizazi na vifo, pamoja na miaka yake hamsini na saba, alipanda nyuma, akaketi juu ya mfuko wa unga, akalikumbatia daftari.

"Nenda polepole," alisema.

"Si unanijua," alijibu Taratibu, akaondoa gari kwa kishindo.

Njia nzima Mama Muhuri aliwaza juu ya unga, wiki mbili bila unga, bila dawa ya presha. Aliwaza atakavyomwomba radhi yule mzee. Hakuwaza zaidi ya hapo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kichwa chake kilibeba jambo moja moja.

Bibi Mdogo alikuwa barazani anachambua mboga. Alikuwa mfupi, amejifunga kanga kichwani, na miwani yake ilishikizwa kwa uzi upande mmoja. Alipoona gari la halmashauri, alivuta barakoa kutoka shingoni hadi chini ya pua, hapo ikakwama.

"Shikamoo, bibi," alisema Mama Muhuri, akasimama mbali, kwenye kona ya ua.

"Marahaba. Nilidhani mmenisahau. Mwanamke wa jirani alinigawia unga wake mpaka akawekwa karantini, sasa nakula viazi tu. Dawa ndiyo imeniishia Ijumaa."

"Vyote nimevileta. Na nimekuja kukuomba radhi. Kosa ni langu." Aliliinua daftari. "Bibi, nilikuandika umekufa."

Bibi Mdogo aliacha kuchambua. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichomtikisa mabega mpaka miwani ikamwangukia kifuani.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili zimepita, siku ya Alhamisi."

"Ndiyo maana magoti hayaniumi siku hizi!" Akamgeukia Taratibu, aliyekuwa anashusha sanduku. "Umesikia? Na nilizikwa vizuri? Watu walikuja?"

Taratibu naye akacheka, na hata Mama Muhuri akatabasamu nyuma ya barakoa.

"Nilisikia vibaya dirishani," alisema. "Zile barakoa, na majina yenu yanafanana..."

Akanyamaza, lakini alikuwa ameshachelewa. Bibi Mdogo alivaa miwani tena, taratibu sana, akazungusha uzi sikioni.

"Yanafanana na ya nani?"

Taratibu aliliweka sanduku kwenye ukingo wa baraza.

"Wewe binti," alisema bibi, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Kama si mimi, aliyekufa ni nani?"

Kwa miaka ishirini na sita watu walikuwa wamekuja kumwambia Mama Muhuri nani amekufa. Yeye hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua hata mahali pa kuweka mikono. Alitamani kumsogelea yule mzee amshike, na hatua alizoruhusiwa ziliishia pale aliposimama.

"Ni dada yako, bibi," alisema. "Ni Bibi Mkubwa. Nisamehe. Nilidhani umeshaambiwa."

Baadaye ilifahamika kwamba mwanawe Bibi Mkubwa alipiga simu siku nne mfululizo. Simu ya Bibi Mdogo ilikuwa imeisha chaji. Akatuma salamu kwa yule mwanamke jirani, naye tayari alikuwa amefungiwa karantini. Darajani kulikuwa na kizuizi, hakuruhusiwa kuvuka. Akajipa moyo kwamba habari itakuwa imefika tu.

Bibi Mdogo hakulia. Aliweka sinia la mboga kando, akakaa akitazama viganja vyake vyenye udongo.

"Mmemwandika humo?" aliuliza, akionyesha daftari kwa kidevu.

"Ndiyo."

"Nisomee."

Mama Muhuri alifungua, akalisoma kwa ile sauti yake iliyokwisha. Tarehe. Saa kumi na moja alfajiri. Zahanati. Sababu. Umri, miaka sabini na sita. Aliyetoa taarifa, mwana wa marehemu. Kazi ya marehemu, hana.

"Rudia."

Akarudia.

"Hapo mwisho. Kazi?"

"Hana," alisema Mama Muhuri.

"Nani kasema hana?"

Hakuna aliyesema. Mama Muhuri hakumwuliza yule bwana wa helmeti, na hakuna aliyeulizwa tangu lile dirisha lianze. Wanawake wazee wote wa miezi ile aliwaandika hana, ili foleni isogee.

"Dada yangu ameshona sare za shule miaka arobaini," alisema Bibi Mdogo. "Cherehani ya miguu. Hata wewe yawezekana umevaa sketi yake. Hata huyu kijana anayeegemea gari, kaptula yake ya darasa la kwanza aliishona yeye, mama yake namjua. Hana! Andika."

"Nitaandika, bibi."

"Andika sasa hivi, nikuone."

Daftari la vifo halifutwi. Kosa linapigwa mstari mmoja wa wino mwekundu, linabaki linasomeka, usahihi unaandikwa pembeni, na wahusika wanatia sahihi. Mama Muhuri alipiga magoti kwenye ukingo wa baraza, akaweka daftari juu ya sanduku la chakula, akapiga mstari juu ya jina, na mwingine juu ya neno hana. Pembeni akaandika jina la Bibi Mkubwa, herufi kwa herufi, bibi akimtajia. Chini yake akaandika: mshonaji. Kisha akarudi nyuma hadi kwenye kona ya ua, na bibi akainuka, akasogea, akashika kalamu. Alisoma jina lake mwenyewe chini ya mstari mwekundu. Alitia sahihi polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma zamani na akafundishwa kwa fimbo.

"Nataka kuongea na mwanangu," alisema alipomaliza.

Mama Muhuri alimpigia yule bwana wa helmeti kwa simu yake, akaifungua sauti, akaiweka juu ya ngazi, wakasogea pembeni yeye na dereva. Walisikia mwanamume mzima akisema, "Mama mdogo, mama mdogo," bila kuweza kuendelea, na bibi akimwambia, "Nipo. Nipo mwanangu. Nieleze tangu mwanzo." Taratibu, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alichukua kitambaa akafuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi, akafuta na vioo vya pembeni, akaanza upya.

Walirudi alasiri. Foleni ilikuwa imeondoka, imebaki ndala moja kwenye mduara. Mama Muhuri alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, akasimama mlangoni, akaeleza yote bila kujitetea.

Mkurugenzi aliegemea ukuta. Na yeye macho yake yalikuwa yameingia ndani. "Itabidi nikupe barua ya onyo," alisema.

"Najua."

"Na mhazili yuko nyumbani."

"Nitaichapa mwenyewe. Wewe utatia sahihi."

Akaichapa, pamoja na herufi kubwa panapostahili, na nakala moja akaiweka kwenye faili lake. Lakini chini ya barua aliambatisha karatasi ya pili. Aliomba asiketi tena dirishani Jumanne na Alhamisi. Watu wapige simu au watume mtu kutoa taarifa. Siku hizo mbili yeye apande pikapu ya masanduku na daftari lake, aende hadi mlangoni kwao. Familia iandike jina la marehemu kwa mkono wao kwenye karatasi, asome, wasome. Watoto wachanga nao waandikwe humohumo njiani, mama mzazi asitembee kilomita kumi na mtoto wa wiki moja. Na asiondolewe mtu kwenye orodha ya masanduku mpaka dereva afike kwake akahakikishe.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Dirisha atakaa nani?"

"Wewe. Hukai popote, kaa hapo."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumwona akitabasamu. Na alikaa kweli, Jumanne na Alhamisi, mkurugenzi wa halmashauri akipokea fomu kwenye tundu la plastiki na kupigiwa kelele na wananchi wake.

Usidhani kazi ilipungua. Mgongo wa Mama Muhuri haukupenda mifuko ya unga. Mvua iliponyesha, alijifunika turubai pamoja na madaftari, akashuka amelowa magoti. Kwenye baraza moja aliandika mtoto na babu yake, saa hiyohiyo, kurasa mbili tofauti. Alijifunza tena kunyamaza na kuacha watu waseme, sasa akiwa amesimama uani kwao badala ya wao kuketi ofisini kwake. Kwenye safu ya kazi akaanza kupata majibu: mkunga, mfumaji wa mikeka, muuza maandazi, mlinzi wa kinu. Mwingine alijibu, "Alikuwa mbishi," naye akacheka kidogo na kumwuliza tena.

Mwezi wa tatu Taratibu akaugua. Alilazwa siku kumi na tisa. Alipotoka, alipanda ngazi tatu za ofisi akakaa chini kutafuta pumzi, wakamhamishia getini. Dereva mpya alikuwa mpole na mwendo wake ni wa konokono, na Mama Muhuri, kwa mshangao wake mwenyewe, alichukia ule utulivu.

Ugonjwa ulipopungua, waraka mwingine ukaja, watumishi wakarudi, soga zikarudi koridoni. Safari za daftari ziliendelea miezi miwili zaidi, kisha idara ya barabara ikadai pikapu yake, kwa kuwa mvua zilishakula madaraja. Mama Muhuri aliandika barua kuomba ziendelee japo mara moja kwa wiki. Akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Alijua maana ya maneno hayo, alishawahi kuyachapa. Alirudi chumbani kwake, wakarudisha kioo, akakiweka kiti mahali pake.

Siku muuguzi aliposema mama yake anaweza kutoka chumbani, Mama Muhuri aliomba ruhusa akarudi nyumbani mapema. Mama alitoka akishika ukuta, akaketi sebuleni kwenye kochi, akalilaani kochi, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nikate kucha," alisema. "Miezi mitano najikwaruza usiku kama paka."

Binti alileta mkasi na bakuli la maji ya vuguvugu. Akaketi sakafuni, akaushika mkono wa mama yake, mwepesi, wenye ngozi kama karatasi, akaanza na kidole gumba. Mama alikuwa anamweleza habari ya ndoto fulani, ndefu, yenye watu wengi. Kwenye kidole cha nne mkasi ukasimama. Mama alitazama chini, akamwona mwanawe amelaza kichwa kwenye magoti yake, usingizi umemchukua, viatu vya kazi bado miguuni. Akaendelea na hadithi ya ndoto yake kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa palepale ulipoachwa.